Siku 33 bila gari langu: nilichojifunza kuhusu gari la kukodi wakati wa waranti

Gari langu lilinoki Alhamisi usiku, tarehe 6 Februari 2025, nikiwa barabara ya 121 kaskazini mwa Dallas, naelekea kazini. Nilikuwa nimelichukua jipya miezi kumi na minane nyuma, na lilikuwa limetembea maili 21,870. Mwanzo nilisikia kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko huko mbali. Nikazima redio. Kijiko kikageuka nyundo. Taa ya oili ikawaka, nikasogea pembeni, na injini ikajifia kabla sijaizima.

Baba yangu aliendesha malori ya Tanga na Arusha miaka mingi, kwa hiyo mlio ule naujua. Nilikaa pale na taa za hatari zikiwaka, kila lori likipita gari linatikisika, nikawa najiambia: usihangaike, lina waranti. Nilikuwa sijui kwamba waranti ni ya injini, si ya miguu yangu.

Wiki iliyopita dada mmoja wa hapa Texas kanipigia, gari lake limeingia gereji ya dila (ndivyo tunavyowaita hapa wauzaji wenye kibali cha kampuni iliyotengeneza gari), anauliza atapewa lini gari la kutumia. Nikagundua kisa hiki nimekieleza kwa simu mara tano sasa. Bora nikiandike, na hasara zake zote.

Hasara ya kwanza niliila usiku ule ule. Nilimpigia mvuta magari wa kwanza aliyetokea kwenye simu yangu, akanitoza dola 185 kunivuta hadi kwa dila. Kumbe kwenye droo ya mbele kulikuwa na kitabu cha waranti, na ndani yake namba ya msaada wa barabarani. Kwa gari langu, ndani ya miaka mitatu au maili 36,000, kampuni inakuvuta bure hadi kwa dila wake wa karibu. Kitabu kilikuwa bado kwenye nailoni yake.

Funguo tukazidondosha kwenye kisanduku cha ukutani, nikarudi nyumbani na jirani, kazini nikaomba udhuru.

Asubuhi nikawa kaunta. Yule kijana wa huduma alikuwa mpole, na kwa upole ule ule akanipa habari tatu mbaya. Foleni ya uchunguzi ni siku nne za kazi. Magari ya kuazima yameisha. Na gari la kukodi kwa gharama ya kampuni haliwezekani mpaka fundi athibitishe kwamba ubovu unaingia kwenye waranti. Nikamwambia injini imenoki, twende tukaisikilize. Akasema anaamini, lakini si yeye wa kuaminishwa.

Sentensi hiyo ndiyo ningependa ningeielewa siku ile ile. Dila halipi gari la kukodi kutoka mfukoni mwake. Anamdai mtengenezaji, na mtengenezaji anarudisha kiasi maalumu kwa siku, kwa siku zile tu alizoziidhinisha, kwa kazi ile tu iliyopita kwenye waranti. Fundi akifungua akakuta oili ilikauka kwa uzembe wangu, au gari liliingia kwenye maji ya mafuriko, madai yanakataliwa na dila anabaki na bili. Ndiyo maana hakuna anayetaka kukupa ufunguo kabla ya uchunguzi. Zile siku za mwanzo hazina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe kinakuangukia wewe.

Hapo pia nilijifunza kwamba gari la kuazima na gari la kukodi ni vitu viwili. La kuazima ni mali ya dila mwenyewe. Huwa ni magari mapya yaliyotengwa kwa wateja wa gereji, yakishatembea maili elfu kadhaa yanauzwa kwa bei ya punguzo. Ni machache, na mengi yameshashikwa na watu waliopanga miadi wiki mbili kabla. Kama gari lako bado linatembea na tatizo linaweza kusubiri, usiulize “mna nafasi lini?” Uliza “mna gari la kuazima lini?” kisha panga miadi yako siku hiyo. La kukodi ni la kampuni nyingine kabisa, ina kaunta yake, mkataba wake na ada zake, na dila anabaki kuwa mtu wa kati anayetuma kibali.

Nikiwa nimekaa nasubiri, akaja muuzaji mwingine na kikombe cha kahawa kwa ajili yangu. Akaniuliza kama nimefikiria kubadilisha gari langu kwa jipya “leo leo”. Gari limekufa jana usiku, deni lake benki halijafika hata nusu, na huyu bwana ananipigia hesabu ya jingine. Kahawa niliinywa.

Kabla sijaondoka nikasaini karatasi ya kazi. Sikuisoma. Siku tatu baadaye ndiyo nikaona mstari unaosema kwamba ubovu usipokuwa wa waranti nitalipa dola 189 za uchunguzi. Kuutoza ni haki yao, lakini ningeujua mapema nisingepata mshtuko ule. Tena ningewaambia waandike palepale kwamba gari lilifika likiwa haliendesheki. Maneno hayo machache ni silaha. Baadaye mtu wa makao makuu akikuuliza kwa nini ulikodi gari kabla ya uchunguzi, unamwonyesha karatasi ya dila wake mwenyewe. Mimi yangu iliandikwa tu “mteja anasema injini ina kelele”.

Nina watoto wawili na kazi ya usiku ya kutunza wazee, na huku kwetu basi halifiki. Jumamosi nikakodi gari kwa pesa yangu: siku sita, dola 47 kwa siku, pamoja na kodi ya jimbo ya asilimia 10 inayotozwa magari ya kukodi ya muda mfupi. Jumla dola 310. Angalau nilijua kutokwenda kukodi uwanja wa ndege, ambako ada zinapandana moja juu ya nyingine. Nilikodi kaunta ya mtaani.

Jumanne fundi akanipigia nije nione. Alikuwa amemwaga oili kwenye beseni. Akawasha tochi, akaichora oili kwa kidole cha glavu, na ikameta. Vumbi la chuma, laini, linang'aa kama rangi ya kucha ya msichana wa harusini. Beringi zimesagika, akasema, injini nzima inatoka. Nikadhani hapo ndipo yamekwisha.

Wapi. Kampuni ikataka ushahidi wa kila oili niliyobadilisha tangu siku ya kwanza. Mara mbili nilibadilishia duka la oili la mtaani, mara mbili shemeji yangu alifanya mwenyewe nje ya nyumba. Yule kijana wa kaunta akaguna aliposikia shemeji. Sasa shika hili: kuna sheria ya shirikisho ya Marekani ya mwaka 1975, inaitwa Magnuson-Moss, ambayo inamzuia mtengenezaji kukunyima waranti kwa sababu tu hukufanyia matengenezo ya kawaida kwa dila wake au hukutumia oili yenye jina lake. Kubadilisha nyumbani kunaruhusiwa. Ila lazima uonyeshe kwamba ulibadilisha.

Risiti za duka la mtaani nilikuwa nazo. Za shemeji, alikuwa na moja kwenye barua pepe. Nyingine ilipotea. Tulikwenda duka la vipuri alikonunua, wakaingiza namba yake ya simu kwenye mashine, ikatoka orodha yote: oili lita tano, chujio moja, tarehe, saa. Ningebusu mashine ile. Siku hizi kila akibadilisha napiga picha chupa, chujio na dashibodi inayoonyesha maili, naweka kwenye folda moja ya simu.

Ijumaa tarehe 14 kibali kikatoka. Injini mpya itaagizwa, na gari la kukodi litalipiwa na kampuni, hadi dola 40 kwa siku, siku 15 za kwanza. Kibali hicho hicho ndicho kilichonipumbaza. Nilisikia “litalipiwa” nikafunga masikio.

Kwenye kaunta ya kukodi dada mmoja mchangamfu alinipa kishikwambi nisaini. Kadi yangu ilikuwa ya benki, si ya mkopo, basi wakashikilia dola 300 za amana. Kwa mwenye kadi ya mkopo wangeshikilia kidogo zaidi ya nusu ya hapo. (Amana ilirudi siku sita za kazi baada ya kurudisha gari. Kama akaunti yako ni ya kuhesabia senti, jipange.) Gari la dola 40 lilikuwa dogo, viti viwili vya watoto nyuma vilibanana mpaka mlango unafungwa kwa bega. La juu yake lilikuwepo, tofauti nalipa mimi. Nikakataa. Kisha akaniuliza kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nataka maji: utachukua kinga ya uharibifu? Nyuma yangu kuna watu watano, mtoto analia, na mimi naliogopa gari la watu. Nikabonyeza ndiyo.

Dola 24 kwa siku. Siku 26. Dola 624. Kampuni ya gari hailipi hata senti ya hiyo, kwa sababu kibali ni cha kodi ya gari tu.

Mimi nina bima kubwa, benki iliyonikopesha haikubali vinginevyo. Nilipokuja kumpigia wakala wa bima, mwisho wa mwezi, akaniambia bima yangu inanifuata kwenye gari la muda wakati langu liko gereji, kwa masharti yale yale, pamoja na ile dola 1,000 ya kwanza ninayobeba mwenyewe. Simu ya dakika nne. Ungeipiga ukiwa bado kwenye maegesho ya kaunta, uulize mambo mawili: je, inanifuata, na je, nikiligonga gari la kukodi, inalipa madai ya siku ambazo litalala gereji bila kuwaingizia wenyewe pesa? La pili bima nyingine huliacha. Na kama una bima ndogo ile ya lazima, hapa Texas dola 30,000 kwa mtu, 60,000 kwa ajali, 25,000 kwa mali, basi ujue inawalipa uliowagonga. Gari ulilolishika mkononi hailigusi. Wewe chukua kinga yao, uwe na amani.

Jambo jingine lililoniuma: wikendi nilikuwa napeleka vyakula kwa programu ya simu, napata kama dola 200. Mkataba wa gari la kukodi ulikataza kazi hiyo waziwazi, na bima yangu binafsi nayo haiko nyuma yako ukiwa unabeba chakula cha watu kwa malipo. Nitasema ukweli, Jumamosi ya kwanza nilikaa na programu imewashwa dakika kumi nzima. Nikaizima. Wikendi tano, karibu dola 1,000, na hakuna fomu yoyote ya waranti yenye mstari wa kudai hasara hiyo.

Siku 15 zikaisha Jumamosi tarehe 1 Machi, siku ya kwanza ya Ramadhani. Injini ilikuwa bado njiani. Nilidhani dila na kampuni ya kukodi wanaongea wao kwa wao. Hapa Texas sheria inawazuia wauza magari kufungua siku zote mbili za wikendi, na karibu wote hufunga Jumapili, gereji nayo ikiwa kimya. Kampuni ya kukodi haifungi mashine yake. Jumatatu nikaamka kula daku, nikaona ujumbe wa benki: kadi yangu imekatwa siku mbili, dola 101 na senti 20. Nikakaa kwenye simu kuanzia saa tatu asubuhi na saumu yangu, huyu ananirusha kwa yule, yule anasema kibali hakijafika, yule wa kwanza anasema nimekituma. Danadana mpaka adhuhuri. Mwisho nikaenda mwenyewe kwa dila, nikasimama mbele ya kijana mpaka akatuma kibali nikiwa naona, nikapiga picha kioo chake. Pesa ilirudi baada ya wiki.

Tangu siku hiyo tarehe ya mwisho ya kibali niliiandika kwenye simu na kengele ya siku mbili kabla. Ukikumbushwa Alhamisi una Ijumaa ya kupigana. Ukikumbushwa Jumamosi mchana, huna mtu.

Ni siku hiyo hiyo pia kaka mmoja Mkenya ninayefanya naye kazi aliniuliza, “Dada, umefungua kesi kwa kampuni yenyewe?” Sikuwa nimejua kama kuna kitu hicho. Dila ni mfanyabiashara anayejitegemea. Mtengenezaji ana namba yake ya bure ya huduma kwa wateja. Ukipiga wanakupa namba ya kesi, na kila unachosema kinaandikwa. Yule kijana wa kaunta hana mamlaka ya kurefusha kibali injini ikichelewa. Anaomba kwa mwakilishi wa kampuni wa eneo, na mwakilishi huyo anajibu haraka zaidi kesi ikiwa imeshafunguliwa makao makuu. Siku mbili baada ya kufungua, kibali changu kilirefushwa tena, safari hii mpaka gari litakapokamilika. Nikajaribu bahati na zile siku sita nilizolipa mwenyewe. Waliniambia hawalazimiki, ni kweli, lakini “kwa nia njema” wakarudisha siku nne. Laiti ile karatasi ingesema gari haliendesheki, nadhani ningepata zote.

Sasa nikuambie ndoto niliyoota. Wamarekani gari bovu la kuzaliwa huliita limau, na majimbo yana sheria za malimau. Mtu alinipenyezea kwamba Texas, gari likikaa gereji siku 30 ndani ya miezi 24 au maili 24,000 za mwanzo, kampuni inaweza kulazimishwa kulinunua tena. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda ya jikoni, siku kwa siku, kama mfungwa. Siku ya 30 nilifuturu nikicheka. Kisha nikasoma sheria yenyewe. Siku ambazo kampuni imekuazima gari la kulingana na lako hazihesabiwi. Gari langu lilikaa kwao siku 33, toa 26 nilizokuwa na la kwao, zinabaki saba. Tena ubovu lazima uwe bado upo, na wao walikuwa wanaweka injini mpya.

Kwa hiyo gari la bure linakupunguzia kitu. Sisemi ulikatae, mimi na watoto wawili ningelikataaje? Lakini kama gari lako ni jipya na limerudi gereji mara ya tatu kwa ubovu ule ule, hifadhi kila karatasi ya kazi yenye tarehe ya kuingia na kutoka, andika kama gari ulilopewa kweli linalingana na lako, iandikie kampuni barua kuwajulisha ubovu, na malalamiko yenyewe hupelekwa Idara ya Magari ya Texas kwa ada ya dola 35. Majimbo mengine yana hesabu zake, soma ya kwako kabla ya kuweka alama kwenye kalenda.

Jumatano tarehe 12 Machi gari likawa tayari. Injini kimya, harufu ya mpira mpya. Nikaambiwa niache la kukodi uani kwa dila na funguo kaunta. Nikagoma kidogo. Mkataba unahesabu mpaka kampuni ya kukodi iandike kwamba wamelipokea, na gari linaweza kukaa uani siku mbili bila mtu kulifuata. Nikawapigia nikiwa nimesimama kando yake, nikawasomea maili, nikapiga picha pande nne, dashibodi na geji ya mafuta ikiwa pale pale ilipokuwa nilipolichukua, nikaomba risiti ya kufunga mkataba kwa barua pepe kabla sijatoka getini. Nilisubiri dakika 40. Saumu ilinisaidia, sikuwa na pa kwenda kula.

Nikadhani nimemaliza hesabu. Wiki moja baada ya Idi ikaja bahasha ya kampuni ya kukodi. Barabara ya 121 na nyingi za hapa ni za kulipia, hakuna kibanda wala pesa taslimu, kamera inasoma namba ya gari na bili inakwenda kwa mwenye namba. Nilipita siku tisa. Barabara yenyewe dola 21 na senti 40, na “ada ya huduma” dola 6 kwa kila siku niliyopita, dola 54. Ningeweza kuiongeza namba ya gari la kukodi kwenye akaunti yangu ya TollTag (ya kulipia barabara hizi, ina kibandiko cha kubandika kwenye kioo) kwa muda, kisha kuiondoa siku ya kulirudisha. Ni kazi ya dakika mbili. Sikufikiria. Kibandiko changu cha TollTag chenye salio la dola 40 muda wote huo kilikuwa kwenye kioo cha gari langu, uani kwa dila, kinangoja injini.